Volti za Mke wa Pili

Nafundisha fizikia katika shule moja upande wa Ndhiwa, na kila mwaka Kidato cha Tatu wakifika kwenye mada ya umeme huwa nimekasirika kabla sijafungua kitabu. Wanafunzi wamenizoea. "Leo madam ako moto," wananong'onezana, na mimi najifanya sijasikia. Hawajui kwamba hesabu ninayowaandikia ubaoni, ya kugawa volti kwa ampea upate ukinzani, na kuzidisha volti kwa ampea upate nguvu, niliwahi kuipiga nikiwa nimechuchumaa jikoni kwa mama yangu huko Uriri. Jibu lilikuwa sahihi. Halikumsaidia mtu.

Mama yangu alikuwa mke wa pili wa baba. Kwetu mke wa kwanza huitwa mikayi, na nyumba yake hujengwa juu kabisa mwa boma, ikitazama lango. Wa pili ni nyachira, nyumba yake hukaa pembeni na chini kidogo. Mikayi hutangulia katika kila kitu. Hupanda mbegu kwanza, huvuna kwanza, nyumba yake hutengenezwa kwanza. Anayeruka mpangilio huo huleta chira, yaani ule ugonjwa wa kukonda na kunyauka usio na dawa ya hospitali. Nimekua nikiyajua haya tangu sijaanza shule, na sikuwahi kuyaona mabaya. Mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba, alinibeba mgongoni. Alikuwa mtu wa kicheko, na kama angekuwa hai siku hizo ninazozisimulia, nina hakika mambo yangekwenda vingine.

Lakini alikuwa ameshakufa, na baba pia. Boma lilikuwa mikononi mwa kaka yangu, kifungua mimba wa mama mkubwa. Nyumba ya marehemu mamake ilikuwa imefungwa kufuli, madirisha yameshikwa na utando wa buibui, ndani mna viti na picha tu. Na humo, katika nyumba isiyo na mtu, ndimo ilimowekwa mita ya stima.

Nguzo ya stima yenyewe ilisimama nyuma ya jiko la mama yangu, karibu na barabara. Ungeweza kutoka na sufuria ya uji na kuigusa nguzo kabla uji haujapoa. Stima ilipoletwa, kaka alisema haiwezi kuingia kwa nyachira kabla ya mikayi. Basi waya mkubwa ukatoka kwenye nguzo, ukapita juu kabisa ya bati la mama yangu, ukapanda hadi kwenye nyumba iliyofungwa, ukaingia kwenye mita. Kutoka huko ndipo mama akagawiwa stima yake kwa waya mwingine mwembamba, wa kuwashia balbu, ambao haukuruhusiwa kukatiza mbele ya mlango wa mikayi. Ukazungushwa nyuma ya nyumba, nyuma ya zizi la ng'ombe, nyuma ya ghala, ndipo ukashuka kwa mama. Uliunganishwa njiani mara kadhaa kwa kusokotwa na vidole tu. Kilichobaki hawakukikata, kwa sababu kaka alisema waya ni mali, wakakikunja na kukitundika chini ya paa la ghala.

Kwa balbu haikuwa na neno. Mama aliwasha taa yake, akachaji simu, akashukuru. Mimi nilikuwa nimeolewa, nikija na kuondoka, na sikuutazama waya ule mara mbili.

Mama alikuwa mkaangaji samaki. Alinilea na kunisomesha kwa samaki wa kukaanga, akiwa ameinamia karai la mafuta juu ya kuni, moshi ukimpiga usoni tangu asubuhi. Kitu cha kwanza ninachokikumbuka juu yake ni harufu ya moshi kwenye leso, na cha pili ni kikohozi. Kikohozi kile kilikuwa sehemu yake, hata tulipokuwa wadogo tulikitumia kujua kama yuko nyumbani. Kilipoanza kumzuia kupanda kilima cha sokoni, nilimpeleka Homa Bay kwa daktari wa kifua. Daktari aliweka picha ya mapafu kwenye mwanga, akaitazama kwa muda, kisha akamgeukia mama.

"Mama, unavuta sigara?"

"Mimi? Ai, daktari! Mimi ni mtu wa kanisa."

"Basi ni moto wa kuni. Umevuta moshi kuliko mvuta sigara. Sikiza, mama, mapafu hairudi. Hii kidogo imebaki ndiyo ya kulinda. Ukirudi kwa moshi, hata mimi sitakusaidia."

Tulikuwa karibu kufika nyumbani. Ndipo mama akaniuliza, "Sasa nitakaa tu? Nikae niangalie watu wakipita?" Hakuwa analia, alikuwa amekasirika. Mama yangu hakujua kukaa. Ukimpa kiti alipanga vitu juu yake.

Gesi aliiogopa kwa sababu jirani yetu mmoja aliungua nayo. Mimi nikasema tununue oveni ya stima, aoke mikate na keki ndogo, auze palepale sokoni penye wateja wake wa samaki. Alicheka kwanza, kisha akaenda kukaa na mwanamke mmoja mwokaji pale Migori mjini mpaka akajifunza. Nikanunua oveni. Kibandiko chake nyuma kiliandikwa volti mia mbili arobaini, wati elfu tatu. Mama aliisafisha kwa kitambaa kana kwamba imetoka mavumbini, akaifunika kwa kitambaa kingine cha kushonwa, na siku ya kwanza alivaa gauni la Jumapili kuiwasha.

Mkate ule wa kwanza ulikaa ndani asubuhi nzima. Ulitoka mweupe, umejaa maji katikati, umeinama upande mmoja. Tukasema ni hamira. Wa pili tukasema ni unga. Wa tatu mama akaupeleka sokoni hivyo hivyo kwa ukaidi, na wanawake wenzake wakamtania mpaka akarudi nao kikapuni. "Mama, umetuletea ugali wa mzungu," walimwambia. Alipokuwa akinisimulia kwenye simu alikuwa akicheka, lakini nilimjua, kicheko kile hakikuwa chake.

Shule zilipofungwa nilichukua kipimo kutoka maabara, kwa idhini, nikaenda Uriri. Nilichomeka vichokoo vyake kwenye soketi ya mama kabla ya kuwasha chochote. Volti mia mbili arobaini, kamili. Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Unaona? Stima ni mzima," akasema. Nikamwomba mama awashe oveni. Namba zikaporomoka mbele ya macho yetu, zikatulia kwenye mia moja tisini na mbili. Nikapima mkondo unaopita, nikapata ampea kumi.

Mama aliniuliza ninaona nini. Nikachukua kipande cha mkaa, nikamwandikia ukutani, maana sikuwa na ubao. Stima inatoka kwa mita ikiwa na volti mia mbili arobaini. Inafika hapa ikiwa na mia moja tisini na mbili. Arobaini na nane zimepotelea njiani. Arobaini na nane gawa kwa ampea kumi, unapata omu nne nukta nane, na huo ndio ukinzani wa waya unaozunguka zizi la ng'ombe. Sasa tazama oveni. Mia moja tisini na mbili mara kumi ni wati elfu moja mia tisa na ishirini. Iliuzwa kama ya elfu tatu. Inapata chini kidogo ya thuluthi mbili, kwa hiyo haiwezi kupata moto wa mkate hata ukikaa hapo mpaka kesho.

"Kwa hivyo oveni si mbovu?" mama akauliza.

"Si mbovu, mama."

"Na mimi si mjinga wa kuoka?"

"Wewe si mjinga hata kidogo."

Alishusha pumzi, akakaa. Kisha akauliza swali ambalo wanafunzi wangu wachache tu huliuliza. Hizo arobaini na nane zinaenda wapi? Nikamshika mkono, nikampeleka ghalani. Lile fungu la waya uliokunjwa, ambamo stima ya mama hupitia, lilikuwa na joto, na paka wa nyumbani alikuwa amelala kwenye boriti, amelikumbatia. Arobaini na nane mara kumi, wati mia nne na themanini. Tulikuwa tunanunua tokeni za stima ili kumpasha paka joto. Mama alicheka safari hii kicheko chake mwenyewe, mpaka kikohozi kikamkatiza, nikamshika mabega nikingoja kipite.

Nilidhani kazi imeisha. Huo ndio ujinga wa mtu aliyezoea kufundisha darasani, ambako ukishapata jibu unalipigia mstari na kugeuza ukurasa. Nilimwendea kaka na kumweleza yote. Nikamwambia dawa ni rahisi, watu wa stima wamletee mama mita yake kutoka kwa nguzo iliyo nyuma ya jiko lake. Gharama ni yangu. Kinachohitajika ni yeye, kama mwenye boma, akubali na kutia saini.

Kaka yangu si mtu mkorofi, na nalisema hili ili nisije nikamsingizia. Hakuwahi kumtukana mama. Mvua ikivujisha paa lake alilipanda mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafanya jambo ambalo lilinikata maini. Sisi nyumbani tunaongea Dholuo. Kiswahili ni cha sokoni, cha chifu, cha mtu asiye wa hapa. Alinijibu kwa Kiswahili.

"Mwalimu, hii stima ilianza kwa mikayi. Haiwezi kuanza kwa nyachira."

"Lakini ilishaanza, kaka. Mita ya kwanza ipo. Hii itakuwa ya pili."

"Hiyo ya pili itakuwa na nguvu kuliko ya kwanza. Si wewe ndio umepiga hesabu? Huku elfu tatu, kwa mama yangu balbu. Sasa nani mkubwa?"

"Mama mkubwa hayuko. Ile nyumba haina mtu."

"Nyumba ya mikayi haikosangi mtu."

Nikasema basi, tuache mita, niondoe tu ule waya mwembamba niweke mnene, na nisiuzungushe, niupitishe moja kwa moja uani. Waya ukiwa mnene na mfupi ukinzani unashuka, tatizo linakwisha. Hapo ndipo alipokasirika kweli. Waya wa nyachira uwe mnene kuliko ule unaowasha nyumba ya mikayi? Tena ukatize mbele ya mlango wake? Akaniambia waya mnene utanyonya stima yote na kuchoma nyumba ya mamake. Nilianza kumweleza kwamba waya haunyonyi, kwamba kinachovuta ni oveni, na kinachochoma nyumba ni waya mwembamba uliobebeshwa mzigo usiouweza. Aliinua mkono.

"Wewe umeolewa. Boma yako iko huko. Hapa unakuja kama mgeni, na mgeni tunampea chai."

Nilipewa chai kweli. Niliinywa. Bado nina hasira nayo.

Niliwaendea wazee wa ukoo wawili. Wa kwanza alinisikia vizuri, akaniuliza kama nimewahi kuona mtu aliyeshikwa na chira. Wa pili alisema mambo ya boma huamuliwa na mwenye boma. Nilimwendea katekista wetu, akasema atayaweka katika maombi. Nikamwomba mama ahamie kwangu Ndhiwa, aokee huko, kwenye stima inayofika nzima. Alikataa katakata. Mwanamke aliyeolewa hazeekei kwa mume wa binti yake, alisema, na wateja wake wako Uriri. Nilimsihi mpaka akanyamaza, na mama akinyamaza ujue umeshindwa.

Hakuniambia alichokifanya baadaye. Nilipokuja tena nilikuta oveni imefunikwa vizuri kwa kile kitambaa cha kushonwa, juu yake kuna trei ya vikombe. Nje, nyuma ya jiko, palikuwa na moto. Alikuwa ametia mchanga kwenye sufuria kubwa, ameweka mkate ndani, ameufunika kwa karatasi ya bati, na juu ya bati makaa, na chini kuni. Mikate ilikuwa mizuri ajabu, ya rangi ya kahawia, imeumuka. Wanawake wa sokoni walikuwa wanaigombania. Na mama alikuwa ameinama juu ya moshi, akipuliza.

"Usinigombeze," alisema kabla sijafungua mdomo. "Niliijaribu ile yako. Hii inaiva."

Nilimgombeza hata hivyo. Nilipiga teke kuni zikatawanyika, nikapiga kelele kuhusu daktari na mapafu, na yeye akaziokota moja moja na kuzirudisha mahali pake. Kitu kilichoniumiza ni kwamba alikuwa amefurahi. Alikuwa ameshinda. Kazi yake ilikuwa imekubalika, jina lake la mkate mbichi limefutika, na hakuwa na mpango wa kulirudia kwa sababu ya picha ya mapafu aliyoionyeshwa siku moja Homa Bay.

Alianza kukonda. Ule mkono uliokuwa ukibeba karai la samaki ukawa mfupa na ngozi. Alilala ameketi kwa sababu akilala chali hapati hewa. Na pale Uriri watu wakaanza kusema, kwanza pembeni, kisha bila kuficha. Mke wa pili anakonda. Si binti yake alitaka kumrukisha mikayi? Hiyo ni chira. Mke wa kaka yangu alinieleza haya kwa huruma, akidhani ananisaidia. Nilimwambia chira haipigwi picha Homa Bay ikaonekana nyeusi kwenye mapafu. Alikuwa na jambo lake analoliamini, nami nina hesabu yangu, na mama alikuwa anakata pumzi katikati yetu.

Alifia Homa Bay, kitandani, mchana, nikiwa nimeshika mkono wake. Sitasema mengi juu ya hapo.

Mazishi yakapangwa. Mama alikuwa na watu, sikujua kama ana watu wengi hivyo. Wanawake wa samaki, wanawake wa mikate, watu wa kanisa. Ikasemekana mwakilishi wa wadi atakuja, na pengine mkubwa kuliko yeye. Kaka alikodi hema na vipaza sauti. Siku moja kabla ya mazishi, fundi wa muziki aliyekuja navyo alichomeka mashine zake kwenye soketi ya mama. Vipaza sauti vikakoroma, vikanyamaza, vikakoroma tena. Fundi akatoka nje akifuta jasho.

"Mzee, hii stima ni ya kuchaji simu. Mashine yangu itaungua. Wageni hawatasikia kitu."

Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka na shangazi zangu, karibu tu. Kaka hakunitazama. Alisogea kando akapiga simu, halafu nyingine. Kulikuwa na mtu anayemjua mtu. Asubuhi ya mazishi watu wa stima walifika na ngazi na waya mpya. Mmoja alipanda nguzo iliyo nyuma ya jiko, mwingine akatoboa ukuta wa mama na kufunga mita. Mwenye boma alitakiwa kutia saini, kaka akatia saini juu ya boneti ya gari lao. Chai yao ilikuwa bado moto walipomaliza.

Niliinuka nikamfuata. Nilitaka aniambie usoni.

"Kaka, na mpangilio?"

Alinijibu kwa Dholuo safari hii, kwa sauti ya upole, ameniwekea mkono begani. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amemlilia mama kwelikweli. Hilo ndilo lisiloniruhusu hata kumchukia vizuri.

"Dada yangu, sasa hakuna ubaya. Mama yangu alitangulia, na mama mdogo amemfuata. Hakuna aliyemruka mwenzake."

Uani vipaza sauti viliitika mara moja, safi, bila mkoromo. Mtu akapuliza kwenye kipaza sauti, akahesabu moja, mbili, moja, mbili, akasifu sauti. Mimi niliingia ndani ambako mama alikuwa amelazwa katika jeneza, na ile mita mpya ikimetameta taa yake nyekundu ukutani. Niliwaomba shangazi watoke kidogo. Nikapiga magoti, nikamwambia mama kwamba stima imefika.